Gari Lililodhani Kuna Baridi

2 Februari, Jumatatu

Joto limeanza. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 35 saa sita mchana, na paa la bati linalia ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti. Kila kiangazi magari yanarudi na malalamiko yaleyale, na hakuna anayekumbuka tulilifanya nini gari lipi. Mwaka huu naandika. Si kwamba nina ya moyoni, nataka kumbukumbu tu.

Kwa atakayeliokota daftari hili: gereji ni ya Mjomba, kaka wa mama yangu. Alinichukua nikiwa darasa la tatu, akanisomesha, akanifundisha umeme wa magari. Ana miaka sitini na minne, mimi thelathini na minane. Wateja wote wanamwita Mjomba, hata waliomzidi umri. Mimi wananiita Mama Mita, kwa sababu ya mita ya kupimia umeme wa waya isiyotoka mfukoni mwangu.

3 Februari

Viyoyozi vitatu, vyote gesi. Hakuna la kuandika.

5 Februari, Alhamisi

Amekuja mwalimu mstaafu wa hisabati, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, anayeongea kana kwamba anaandika ubaoni. Mjomba anamfahamu, mimi nimemwona leo. Gari lake la kijivu lina kiyoyozi cha kujiendesha: unachagua nyuzi unazotaka, chenyewe kinaamua kipulize baridi au moto, na kwa nguvu gani.

"Nimeweka ishirini na mbili," alisema. "Kwa dakika ishirini na tano linatii. Halafu linaanza kupuliza moto."

"Moto, Mwalimu, au hewa isiyo na baridi?"

"Binti, moto naujua. Nimesema moto."

Mjomba alitia mkono kwenye tundu la hewa, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani. "Gesi," akasema. Tukapima. Kweli gesi ilikuwa imepungua kidogo. Tukajaza. Nilichomeka kompyuta, haikuonyesha kosa lolote. Gari likakaa nusu saa kivulini likipuliza baridi safi, Mwalimu akaondoka.

"Umeona?" Mjomba akaniambia. "Kompyuta yako bado inaamka, mimi nimeshamaliza." Huo ni utani wetu tangu nilipotoka kozini mwaka juzi. Nikacheka kama kawaida.

7 Februari

Nyuzi 36. Maji ya bomba yanatoka ya moto.

10 Februari, Jumanne

Mwalimu amerudi. Safari hii alikuja na daftari la mistari, akalifungua juu ya boneti. Ameandika kila safari: saa ya kuondoka, dakika ambayo moto umeanza, na safu nyingine ambazo sikuzisoma. Sipendi mteja anayekuja na ushahidi. Unajiona kama mshtakiwa.

Ndani ya gari alikuwapo mumewe, mzee mwembamba mwenye kofia, mpima ardhi wa zamani, ambaye humu nitamwita Mpima. Nilimwamkia, akaitikia kwa uchangamfu: "Marahaba, fundi. Hili si gari, ni jiko lenye magurudumu."

Mwalimu alinivuta kando akanieleza. Mumewe ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Mwili ukipata joto, miguu inagoma na macho yanaingia giza. Mara tatu kwa wiki anapelekwa mazoezi ya viungo ng'ambo ya pili ya mji, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. "Daktari hakumkataza kutembea," alisema. "Amemkataza kupata joto. Kwa hiyo kiyoyozi kwetu si anasa."

Nilimwambia nimeelewa. Nadhani sikuwa nimeelewa.

Nikawaza kipepeo, yaani ule mlango mdogo ndani ya dashibodi unaogawa hewa ya baridi na ya moto. Mota yake ikichoka, mlango unabaki upande wa moto. Nimeagiza mota.

12 Februari

Nimebadilisha mota. Kazi ya saa tano, magoti juu ya mbao, kichwa chini ya usukani. Nililijaribu gari saa nzima hapa kivulini. Baridi kama friji. Mjomba aliniomba nimsomee namba kwenye boksi la mota, eti miwani kaisahau nyumbani. Amekuwa msahaulifu msimu huu.

13 Februari

Nyuzi 37. Redieta mbili.

17 Februari, Jumanne

Mwalimu amerudi. Dakika ya ishirini na saba, anasema, moto.

Niliwasha gari mbele yake. Baridi. Tukasubiri nusu saa chini ya paa, mimi na yeye. Baridi. Kompyuta: hakuna kosa. Nikamwambia maneno ambayo leo jioni ninayaandika ili niyaone yalivyo: "Mwalimu, labda mkono wako unagusa vitufe bila kujua."

Alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. "Nimefundisha miaka thelathini na tatu," akasema. "Mwanafunzi akishindwa swali, husema limekosewa kitabuni."

Mumewe alicheka kutokea kiti cha mbele. "Fundi, usimjibu. Mimi nilimjibu mara moja, nikamwoa."

Walipoondoka Mjomba akasema baadhi ya wateja hupenda tu kusumbua, na kwamba wazee wakikosa kazi huanza kuhesabu dakika. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimechoka, na ilikuwa rahisi kukubaliana naye.

18 Februari

Mjomba amemwaga mafuta ya kompresa nje ya chombo, karibu nusu lita. Akalaumu joto.

20 Februari

Nyuzi 38. Amemfokea mteja aliyemuuliza rangi ya waya. Joto linatubadilisha tabia.

23 Februari, Jumatatu

Mawingu siku nzima, mvua hakuna. Magari mawili.

24 Februari, Jumanne

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tano kasoro robo simu ililia. Mwalimu. Hakuamkia wala hakupaza sauti. "Tuko karibu na daraja. Lori limepinduka, njia imefungwa pande zote. Gari linapuliza moto. Nimelizima, nimefungua vioo, nje ni moto zaidi. Mume wangu haoni. Njoo."

Nilimwomba Mjomba twende na gari la gereji, yeye aendeshe, mimi nishike vifaa. Akasema, "Nenda wewe, mimi nitabaki na wateja." Hakukuwa na mteja hata mmoja. Sikuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Nilidandia pikipiki, ikanipitisha katikati ya magari.

Niliwakuta kwenye baraza la duka la vitambaa. Wenye duka walikuwa wamemlaza Mpima juu ya majora ya kitambaa, Mwalimu anampepea kwa lile daftari. Uso wa mzee ulikuwa mkavu. Mkono wa kushoto ulilala vibaya, kama si wake.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Fundi," nikasema.

"Fundi gani?"

"Wa kiyoyozi, mzee wangu."

"Jiko lako limeiva," akasema, kisha ulimi ukawa mzito, na hakusema neno tena.

Mwalimu alinipa kazi kama anayegawa mazoezi darasani. "Muuza vinywaji yule pale. Chupa zilizoganda, siyo za baridi tu. Kimbia." Nilirudi na saba. Mbili kwapani, mbili shingoni, mbili kwenye mapaja, ya saba akaishika mwenyewe akimpaka maji usoni.

Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya daraja, haliwezi kuvuka. Wanaume wanne walimbeba Mpima kwa kiti cha plastiki cha duka, wakapita kando ya lori, Mwalimu nyuma yao ameshika kofia ya mumewe. Kabla hajaondoka alinipa funguo na daftari.

"Sikugombezi," alisema. "Sina muda. Soma."

Njia ilipofunguliwa nililiendesha gari kurudi gereji, karibu dakika arobaini, jua likinichoma mgongoni. Niliweka nyuzi ishirini na mbili. Lilipuliza baridi safi mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kukichukia kifaa kiasi hicho.

25 Februari, Jumatano

Mwalimu amepiga simu: Mpima ameanza kuona vivuli. Anaongea. Mguu wa kushoto haujarudi.

Nimelisoma daftari lake lote. Ninayaandika hapa niliyopaswa kuyaona tarehe 10.

Safari kumi na nne. Safu ya kwanza saa, ya pili dakika, ya tatu ameandika "jua" au "mawingu", ya nne "jua mbele" au "jua nyuma". Asubuhi wanapokwenda mazoezini, jua linawapiga usoni kupitia kioo cha mbele. Wakirudi liko nyuma. Moto umetokea mara saba. Mara zote saba: jua, mbele. Juzi Jumatatu kulikuwa na mawingu, akaandika: "Halikukosea." Chini ya safu amepiga mstari kwa rula na kuandika kwa mwandiko mdogo: "Je, fundi hulipima gari mahali lisipougua?"

Nimelipima gari hili kivulini mara tatu. Nilikuwa nampima mgonjwa wa malaria siku asizo na homa.

Nilimpelekea Mjomba daftari alione. Alifungua kurasa mbili, akalifunga. "Maneno mengi," akasema.

26 Februari, Alhamisi

Mwalimu alimwacha mumewe hospitali na dada yake, akaja. Nilimwomba radhi kwa yale ya vitufe. Akasema, "Tuanze kazi."

Saa tatu asubuhi tuliondoka, yeye kwenye usukani, jua usoni kwetu. Kipimajoto cha kawaida nimekining'iniza kati ya viti. Kompyuta mapajani, lakini safari hii sikutafuta makosa. Nilifungua ukurasa unaoonyesha kile ambacho gari lenyewe linakiona, sensa moja moja, yaani vihisi vyake. Gari la aina hii lina sensa ndogo nyuma ya kitundu kando ya usukani, inayolipasha habari joto la ndani ni kiasi gani.

Dakika ya kumi: sensa inasema 24, kipimajoto changu 24. Dakika ya ishirini dashibodi haishikiki. Dakika ya ishirini na nne sensa ikasema 21. Kipimajoto: 24. Sensa: 17. Sensa: 12. Kisha hewa ikageuka. Mwalimu alikuwa sahihi, ulikuwa moto, unakausha hadi kope.

"Kumi na mbili," nilimwambia. "Gari linadhani ndani kuna nyuzi kumi na mbili."

"Linadhani tunatetemeka," akasema. "Linatuonea huruma."

Ndiyo maana kompyuta haikulalamika hata siku moja. Waya ungekatika kabisa, ingejua kuna kosa. Huu haukukatika, ulilegea tu jua likiipasha dashibodi, na ukilegea sensa inasoma baridi. Nyuzi kumi na mbili ni joto linalowezekana duniani. Gari halikuharibika, lilidanganywa, likafanya kazi yake kwa uaminifu.

Nilipiga ngumi chini ya dashibodi. Namba ikaruka hadi 31, baridi ikaja kwa kishindo.

Mwalimu alisimamisha gari kando ya barabara, akazima, akakaa ameshika usukani. Baadaye akauliza, "Kwa nini waya ulegee? Gari hili halijawahi kugongwa. Panya waliwahi kutafuna waya humo, lakini mlilitengeneza wenyewe, mwaka juzi."

Mwaka juzi nilikuwa kozini, miezi mitatu. Nikamwambia kesho nitafungua nione.

27 Februari, Ijumaa

Nimefungua dashibodi. Mjomba alikwenda msibani, nilikuwa peke yangu.

Waya zilizotafunwa zilikuwa tano, na zote ziliungwa. Sikuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Mjomba hutumia mkono wa kushoto, tepu yake inazunguka kinyume na ya mafundi wote ninaowajua. Pia hukunja ncha ya waya chini kabla ya kufunga, ili isichome tepu. Alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilirudia mara hamsini ndipo akaniruhusu kugusa gari la mtu.

Tatu kati ya hizo tano zimeshika. Ya nne imeshika kwa bahati. Ya tano ndiyo ya sensa. Ncha zake mbili zimesokotwa bila kubana, shaba imeota kutu ya kijani, na tepu imefungwa vizuri sana, lakini kando, mahali pasipo na kiungo. Lehemu ipo. Tone moja la lehemu, jeupe, la mviringo, safi kama la kitabuni, limekaa juu ya ngozi ya waya, sentimita mbili kutoka mahali lilipotakiwa kuwa.

Nililiangalia lile tone muda mrefu. Fundi mzembe hatengenezi tone namna ile. Mtu anayeona hawezi kuliweka pale.

Namba za kwenye boksi. Mafuta yaliyomwagika. Rangi za waya. Daftari alilolifunga. "Nenda wewe." Kumbe nilikuwa nayaandika mwenyewe, siku baada ya siku, na kuyaita joto.

Nilikata kile kipande, nikaunga upya waya zote tano, nikatia lehemu. Kipande nikakitia mfukoni.

28 Februari

Nyuzi 38. Sikusema kitu.

1 Machi, Jumapili

Mama kapiga simu. Kauliza kaka yake hajambo. Nikasema hajambo.

2 Machi, Jumatatu

Asubuhi, kabla ya wateja, nilimweka Mjomba kile kipande kiganjani. Akakigeuza kwa vidole.

"Waya wa nini huu?"

"Wa gari la Mwalimu. Sensa ya ndani."

"Nani kaufunga?"

"Wewe."

Kidole gumba kikatembea, kikakuta tone. "Lehemu ipo," akasema.

"Ipo. Iko wapi?"

Kidole kikaendelea. Tepu, kisha shaba tupu, kisha kikarudi kwenye tone. Kikaganda hapo. Mtaani mtu alikuwa anapiga honi na Mjomba akasubiri hadi amalize, kana kwamba alikuwa anaongea naye.

"Tangu lini, Mjomba?"

"Jicho la kulia limekwisha. La kushoto ni kama kioo cha bafuni, asubuhi ukungu mzito, mchana unapungua. Tangu mwaka juzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipanga nikwambie siku uliyorudi kozini. Ukaja na kompyuta yako, unacheka peke yako kama bibi harusi. Nikasema wiki ijayo." Akakifumba kipande kiganjani. "Halafu, nani ataleta gari kwa fundi asiyeona?"

Nitaandika na hili, kwa kuwa nilisema nitaandika kumbukumbu. Mimi ndiye niliyependekeza tufiche. Nikamwambia, "Nimeshalitengeneza. Nitamwambia Mwalimu waya ulichakaa. Si uongo sana."

Aliuliza, "Mumewe yuko wapi sasa hivi?"

"Hospitali."

"Anatembea?"

"Hapana."

Alivua ovaroli, akaipapasa misumari ukutani hadi akapata wa kuitundikia. "Nipeleke."

3 Machi, Jumanne

Jana muuguzi alituambia muda wa kutembelea wagonjwa umekwisha. Leo tumerudi saa nne.

Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, feni mbili zimeelekezwa kwa Mpima. Alikuwa ameketi, mguu wa kushoto juu ya mto. Mwalimu alikuwa anammenyea chungwa. Mjomba hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, bila kupamba: kwamba waya ule aliufunga yeye, kwamba alikuwa haoni na alijua haoni, kwamba aliona aibu. Hakumtaja panya, hakulitaja joto.

Mpima ndiye aliyeongea kwanza. "Mimi nilipima mipaka ya watu miaka arobaini," alisema taratibu, maneno bado yanaburuta. "Mwaka wa mwisho miguu ilikuwa imeshaanza. Nilikuwa nasimama mbali, nakisia, naandika. Sikumwambia mtu." Mwalimu alimgeukia. Nadhani na yeye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

Kisha Mwalimu akaliweka chungwa chini, akafuta mikono.

"Tangu macho yaanze," alimuuliza Mjomba, "magari mangapi umeyafunga waya?"

Mjomba hakufikiri sana. "Thelathini na moja."

"Yako wapi?"

"Barabarani."

"Sasa mnafanya nini hapa?"

Tukaaga. Mlangoni akaniita, mimi tu. "Mama Mita. Sijasamehe. Nikisamehe nitakujulisha, usinikisie." Nikasema, "Sawa, Mwalimu."

4 Machi

Mjomba amekaa kwenye benchi, mimi naandika. Thelathini na moja, kichwani mwake yote: gari la nani, rangi gani, waya gani, mwezi gani. Hakurudi nyuma hata mara moja kusahihisha. Hapo ndipo nilipoelewa alivyoweza kutudanganya miaka miwili.

5 Machi

Simu kumi na tisa. Wengi wamedhani tunatafuta kazi. Mmoja kacheka. Mmoja kasema hatakanyaga tena hapa, na nikamsihi alipeleke gari kwa fundi mwingine yeyote, ila alipeleke leo.

9 Machi, Jumatatu

Magari kumi na mawili yamekaguliwa. Mabovu mawili. La kwanza taa ya ndani tu. La pili ni basi dogo la shule ya chekechea: waya wa taa za breki umeshikwa na tepu peke yake. Niliuvuta kwa kidole kimoja ukaja. Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu, akaona. Aliingia ndani ya basi akaketi kwenye kile kiti kidogo cha mwisho, magoti kifuani, mpaka nilipomaliza.

Mjomba alisikia kimya chetu akauliza kuna nini. Nikamwambia. Leo hakula.

11 Machi, Jumatano

Nimelipeleka gari la Mwalimu juani, jua mbele, dakika hamsini na tano, nyuzi 37 nje. Sensa na kipimajoto vimekwenda pamoja hadi mwisho. Ndani 22. Mwalimu alikuwa kando yangu na daftari. Alipandisha nyuzi, akashusha, akapiga dashibodi ngumi mwenyewe, mara mbili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akaandika, "Halikukosea."

12 Machi

Mpima ametoka hospitali. Fimbo.

16 Machi, Jumatatu

Ishirini na tisa kati ya thelathini na moja yamekaguliwa, moja kwa fundi mwingine. Mabovu manne kwa jumla. Mawili yaliyobaki yameuzwa mbali, wenyewe wameahidi kupiga simu. Mmoja alipiga.

Wateja wamepungua kiasi, si kama Mjomba alivyoogopa. Wengine wanakuja hivihivi, wanasimama mlangoni, wanamwangalia. Yeye anawasalimia kwa majina kwa kusikia hatua zao, na hiyo inawachanganya.

18 Machi, Jumatano

Hospitali ya macho. Jicho la kulia halitarudi, presha ya jicho imelimaliza. La kushoto lina mtoto wa jicho, linaweza kufanyiwa upasuaji. Daktari, dada wa umri wangu, aliuliza kwa nini alichelewa. Mjomba akasema, "Nilikuwa na kazi nyingi." Nilitazama ukuta.

21 Machi

Mvua ya kwanza, dakika kumi. Vumbi limeshikana mabonge. Nyuzi 29.

24 Machi, Jumanne

Ujumbe wa Mwalimu kwenye simu, nanukuu: "Leo ametembea toka kitandani hadi mlango wa mbele bila fimbo, hatua kumi na sita. Kuhusu lile jingine, bado."

Nimemjibu kwamba nimepokea.

26 Machi, Alhamisi

Mjomba kapasuliwa jicho asubuhi. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha kompresa. Mvua kubwa. Gereji nimeifunga.

27 Machi, Ijumaa

Amefunguliwa bandeji saa tatu. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nimeshika koti lake. Daktari alimwambia afumbue polepole, asikaze.

Alianza na mikono yake. Aliigeuza, akaangalia viganja, kisha kucha, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazimisha zamani. Akaangalia mvua dirishani. Halafu akaniangalia mimi, na akawa haachi.

"Njoo hapa," alisema.

Nikasogea. Alinyanyua mkono akagusa nywele zangu juu ya sikio.

"Una mvi."

"Ninazo."

"Nyingi." Alikuwa amekunja uso, kwa ukali ule wa zamani, kana kwamba nimeharibu kifaa cha gereji. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Mjomba."

Akatikisa kichwa taratibu, mkono bado uko palepale. "Ungeniambia," akasema.